Mdogo wangu aliachishwa jeshi la Marekani kwa OTH (hadhi isiyo ya heshima), na ile miaka 15 ya kuomba ibadilishwe inakaribia. Tuanzie wapi?

MamaSalma (Tacoma)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu, na ameniruhusu. Yeye mwenyewe hawezi kuandika haya. Kila akizifungua zile karatasi, anazifunga tena na kutoka nje.

Alikuja Marekani kwa bahati nasibu ya grinikadi. Mwaka 2010 akaingia jeshi la nchi kavu, akala kiapo cha uraia akiwa bado kwenye mafunzo ya mwanzo. Kazi yake ilikuwa dereva wa malori. Wakampeleka Afghanistan, mkoa wa Kandahar, misafara ya mafuta na maji. Mwaka 2012 lori lililomtangulia lilikanyaga bomu la barabarani. Lake likatumbukia mtaroni, akagonga kichwa akapoteza fahamu. Walimlaza kidogo, kisha akarudishwa kwenye usukani. Waliokufa mbele yake ni watu aliokuwa akila nao sahani moja.

Aliporudi, mtu aliyekuwa akiniamsha mimi kwa sala ya alfajiri akawa hapati lepe la usingizi mpaka jua litoke. Akaanza pombe, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunywa. Akachelewa gwaride, akashushwa cheo. Wakampima mkojo, wakakuta bangi. Mwisho akaondoka kambini akaja kwangu akalala chumba cha chini zaidi ya mwezi mmoja. Mimi nilijua ni likizo. Alirudi mwenyewe, hakushikwa. Walipomfungulia mashtaka ya utoro alipewa nafasi ya kuomba kuondoka jeshini ili asishtakiwe mahakamani, ile wanayoiita Sura ya 10. Akatia saini. Mwaka 2014 akatoka na karatasi iliyoandikwa kwamba utumishi wake si wa heshima. Kambini mtu alimwambia baada ya miezi sita hadhi itapanda yenyewe.

Haikupanda. Hapati masomo ya GI Bill, ule mpango wa kuwasomesha maveterani, kazi nzuri zote zinadai DD 214, yaani karatasi ya kutoka jeshini, na akiombwa karatasi hiyo anaiacha kazi yenyewe. Nina maswali matatu. Je, kuna tumaini baada ya miaka yote hii? Je, tukiomba, wanaweza kuja kumvua uraia? Na wakili mmoja ametuitisha dola elfu sita, ni halali hiyo?

BabaKhadija (Columbus)

Pole sana dada. Hata mimi nimesikia hiyo ya miezi sita. Nadhani lazima ujaze fomu moja tu kuwakumbusha, basi wanabadilisha. Tena dishonorable, ile ya aibu, ndiyo mbaya kabisa, huyo hata kura anaweza kukosa.

SajentiMstaafu (Killeen)

Mama Salma, pole wewe na pole yake. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa ofisi ya utumishi jeshini. Karatasi za kuachishwa watu zilipita mikononi mwangu, na wengi niliona wakitia saini bila kujua wanachokitia. Sasa nimestaafu na nawasaidia maveterani kuandaa maombi. Nakujibu kirefu kwa sababu kesi ya mdogo wako ndiyo aina ambayo sheria ilibadilishwa kwa ajili yake.

Baba Khadija, nakuheshimu, lakini hiyo ya miezi sita tuizike leo. Haikuwahi kuwepo. Hakuna hadhi inayopanda yenyewe, baada ya miezi sita wala baada ya miaka sitini, na uongo huo umewapotezea watu muda mwingi kuliko jambo lolote ninalolijua katika mambo haya. Pia OTH siyo dishonorable. Ngazi ni tano: ya heshima, ya jumla, ambayo bado inahesabiwa ndani ya masharti ya heshima, OTH, ambayo hutolewa na makamanda bila mahakama, halafu ile ya mwenendo mbaya na ile ya aibu, ambazo hutoka kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi tu. Mdogo wako hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alisikie hilo kutoka kwako leo, maana naamini anajibeba kama mtu aliyehukumiwa.

Sasa muda. Bodi ya kwanza ni ile ya kupitia kuachishwa, na ombi lake ni fomu DD 293. Mlango wake unafungwa miaka 15 kamili tangu tarehe ya kutoka. Ametoka 2014, kwa hiyo ana hadi 2029. Usione ni mbali. Bodi hii inampa nafasi mbili: kwanza wapitie makaratasi peke yake, na wakikataa aombe kusikilizwa ana kwa ana, ambako siku hizi hufanyika kwa video au simu. Akianza na kusikilizwa, ile ya makaratasi ameipoteza. Na kila moja inaweza kumeza mwaka na zaidi, na zote mbili lazima ziingie ndani ya ile miaka 15. Wakikataa zote, iko bodi ya marekebisho ya kumbukumbu, kwa fomu DD 149. Yenyewe ina kikomo cha miaka 3 tangu mtu agundue kosa, ila wanaweza kukisamehe kwa ajili ya haki, na mara nyingi husamehe. Jambo lingine la kumtuliza: bodi hizi hazina uwezo wa kuishusha hadhi aliyonayo. Hawezi kutoka na karatasi mbaya kuliko aliyoingia nayo.

Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2014 waziri wa ulinzi Chuck Hagel alitoa waraka akiziagiza bodi ziwaangalie kwa moyo mpana maveterani wenye PTSD, yaani maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe. Mwaka 2017 ukaja waraka mwingine, watu huuita wa Kurta, ukaongeza jeraha la ubongo na waliodhulumiwa kijinsia. Waraka huo una maswali manne. Je, alikuwa na hali au alipatwa na tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, hali hiyo ilikuwepo akiwa jeshini? Je, kweli inaeleza kosa lile? Na je, inazidi uzito wa kuachishwa kwake? Wewe umeandika hapo juu majibu ya maswali yote manne bila kuyajua. Kilichobaki ni kuyapa karatasi.

Wengi hukosea hapa. Wanaiandikia bodi barua ya kulia: mimi ni mtu mwema, nina watoto, naswali au naenda kanisani, naomba msamaha. Hayo yana mahali pake, waraka mwingine wa wizara ya ulinzi wa 2018, uitwao wa Wilkie, unaruhusu msamaha kwa mtu aliyetengeneza maisha yake, na viambatishe. Lakini moyo wa ombi ni kamba inayofunga bomu la 2012 na utoro uliofuata. Onyesheni alikuwaje kabla: tathmini zake, nishani, hakuna adhabu hata moja. Onyesheni tarehe ya mlipuko. Kisha kuchelewa, pombe, bangi, utoro, kila kimoja na tarehe yake, vyote vikiwa upande wa baadaye. Msomaji wa bodi akiuona mstari huo hahitaji kubembelezwa. Na msimlaumu kamanda kurasa tatu. Sentensi moja inatosha: hakuna aliyempeleka kwa daktari.

Karatasi zenyewe mziombe kwa fomu SF 180; maelekezo yake yanaonyesha kila jalada huombwa wapi. Ombeni jalada zima la utumishi na matibabu, msiombe DD 214 peke yake. Mnachokitafuta zaidi ni karatasi ya kulazwa kule Kandahar, hata kama ina mistari miwili. Halafu daktari wa akili amwone sasa, aandike utambuzi wake na aseme wazi kama dalili hizo zingeweza kumfanya mtu akimbilie pombe na kuukimbia umati wa kambi. Daktari akiandika "ana PTSD" akanyamaza, swali la tatu limebaki wazi.

Matibabu yasisubiri bodi. Watu wa OTH hudhani VA, idara ya maveterani, imewafungia mlango, nao hawagongi. Kwa aliyekuwa vitani kama yeye, sheria inampa huduma ya afya ya akili VA hata na OTH yake. Usiku ukiwa mzito apige 988 kisha abonyeze 1. Kuhusu mafao mengine, VA hufanya uamuzi wake wenyewe juu ya hadhi ya mtu, hautegemei bodi ya jeshi, na kanuni zake zililegezwa Juni 2024. Aombe huko pia, sambamba. Angalieni karatasi ya mashtaka yake kama kesi ilikuwa inapelekwa mahakama kuu ya kijeshi au ile ya chini yake, maana VA hutofautisha. Utoro wake haukufika siku 180, hilo linamsaidia.

Uraia. Hili nalijibu kwa uangalifu, kwa sababu wahamiaji wenzetu hawaambiwi. Aliyepewa uraia kwa njia ya jeshi anaweza kushtakiwa ili avuliwe endapo ameachishwa kwa hadhi mbaya kuliko ile ya jumla kabla hajatimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Mdogo wako ana minne. Uraia hauvuliwi kwa barua, wala hakuna karani anayeweza kuufuta. Serikali lazima iende mahakama ya shirikisho. Taarifa zake serikali inazo tangu 2014, kwa hiyo ombi lenu haliifichui siri yoyote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuomba, maana hadhi ikipanda hata hadi ile ya jumla, yuko upande salama. Lakini kabla ya kutuma chochote, akae saa moja na wakili wa uhamiaji anayejua mambo ya jeshi. Na asisafiri nje kabla ya mazungumzo hayo.

Kuhusu dola elfu sita: wakili kulipwa ni halali. Ila kliniki za vyuo vya sheria hufanya kesi hizi bure. Ile ya Yale ndiyo iliyowawakilisha maveterani walioshitaki jeshi la nchi kavu, na mwaka 2021 mapatano ya kesi hiyo, Kennedy, yakalilazimisha jeshi kuzipitia upya kesi nyingi za PTSD zilizokataliwa. Mashirika ya maveterani kama DAV na American Legion pia yana wawakilishi wasiolipisha. Gongeni hapo kwanza.

BabaKhadija (Columbus)

Sajenti, nashukuru kwa kunisahihisha. Nina jamaa hapa anayesubiri hiyo miezi sita tangu 2019. Nampigia jioni hii.

Neema_W (Norfolk)

Naongeza kwa upande wa wanamaji, maana akina dada wanasoma na hawaulizi. Mimi niliachishwa kwa "utovu wa nidhamu" baada ya kukataa kulala kwenye meli moja na mtu aliyenidhulumu. Sikuwa nimeripoti. Niliamini bila ripoti sina kesi. Si kweli. Walikubali barua niliyomwandikia mama yangu wakati ule, na maelezo ya mshauri niliyemwona miaka ya baadaye. Sasa nina ile ya heshima, na wamenitolea DD 214 mpya yenye sababu mpya pia. Ombeni na sababu ibadilishwe, msiombe hadhi peke yake, kwa sababu mwajiri anasoma kisanduku cha 28, cha sababu, kama anavyosoma cha 24, cha hadhi. Wanamaji na Marine wana bodi yao, lakini fomu ni zilezile. MamaSalma, chumba chako cha chini nacho ni ushahidi. Wewe ulimwona.

MamaSalma (Tacoma)

Nimemsomea yote, jikoni, tangu mwanzo. Aliposikia kwamba hakuhukumiwa na mahakama yoyote aliniomba nirudie hapo. Ameleta sanduku lake na tumeipata nakala ya DD 214 na karatasi za mashtaka. Ya hospitali ya Kandahar hatuna, SF 180 tunaijaza kesho.

Sajenti, moja tu la mwisho, uniwie radhi. Mwenzake aliyekuwa kiti cha abiria siku ile yuko hai, yuko Ohio, na yuko tayari kuandika. Yeye naye alitoka na hadhi ya jumla, si ya heshima kamili. Barua yake itadharauliwa? Na yangu mimi dada yake je, nitaonekana napendelea?

SajentiMstaafu (Killeen)

Haitadharauliwa hata kidogo. Alikuwa ndani ya lori lile, na hilo halina cheo. Aandike jina lake, kikosi, alikaa kiti gani, aliona nini, mdogo wako alipoteza fahamu kwa muda gani kwa makadirio yake, na walirudi barabarani lini. Aongeze tabia alizoziona yeye mwenyewe baada ya hapo. Asiandike alichosimuliwa. Atie saini na tarehe.

Yako wewe iandike kwa namna hiyohiyo. Usimsifu. Andika ile ya sala ya alfajiri, usingizi, pombe kwenye nyumba isiyonywa, na kwamba alirudi kambini kwa miguu yake. Weka miezi na miaka. Ukimaliza nitumie kwa ujumbe wa faragha, nikuangalizie kabla hamjaambatisha. Na muulize kama walimpa ile nishani ya mapambano baada ya mlipuko. Kama ipo kwenye kisanduku cha 13 cha DD 214, iandike kwenye ukurasa wa kwanza.