Buti za ngozi zimekuwa ngumu kama ubao baada ya masika, soli imeanza kuachia. Nianzie wapi?

NjiroSaiti
Wakuu, habari za jioni. Nina buti za ngozi za kazi, zile za kufunga kamba hadi juu ya kifundo, mtumba daraja la kwanza kutoka Memorial pale Moshi. Zinatumika saiti hapa Njiro, Arusha: zege, lipu, na tope la masika yote. Hali ilivyo sasa: ngozi imekakamaa, kwenye mikunjo ya mbele kuna nyufa ndogo ndogo, kuna weupe ambao brashi kavu haiutoi, na mguu wa kulia ncha ya soli imeachia. Ndani zinanuka.

Ushauri nilioupata mtaani: zipakwe mafuta ya alizeti, zianikwe karibu na jiko la mkaa, na fundi wa hapa jirani anataka kubandika soli ya tairi na kupigilia misumari. Wajuvi, kipi nifanye na kipi niache?

SoliKwanza
Mkuu, usipake chochote kwanza. Ukipaka mafuta juu ya saruji unaifungia ndani.

Anza kwa kujua huo weupe ni nini, maana kuna aina tatu na kila moja ina dawa yake. Pitisha kidole kikavu. Ukikwaruza kama chaki na vumbi likabaki kidoleni, ni saruji au chokaa. Ukifuta kwa kitambaa chenye maji ukapotea, halafu kiatu kikikauka ukarudi kama mstari wa wimbi, ni chumvi ya jasho. Ukiwa na vinyweleo na harufu ya godoro lililolowa, ni kuvu.

Kwa kazi yako naweka dau kwenye saruji. Saruji mbichi ni kali upande wa alkali, pH yake ni 12 na zaidi, wakati ngozi iliyotengenezwa vizuri inakaa upande wa asidi, kama 4 hivi. Zikikutana, saruji inafyonza mafuta ya ngozi na kula nyuzi zenyewe. Kinachokakamaza ngozi yako ni hicho, tope lina kosa dogo sana hapo.

Toa kamba na soli ya ndani inayochomoka. Piga brashi kavu, hasa pale ngozi inapokutana na soli na chini ya ulimi, maana ndiko saruji inakojificha. Changanya vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe kwenye nusu lita ya maji. Chovya kitambaa, kamua, futa kiatu chote. Usikiloweke. Subiri dakika tano, rudia sehemu zenye weupe, kisha futa kwa maji matupu mara mbili. Kama bado kuna uchafu, tumia matone machache ya shampuu ya nywele. Sabuni ya mche na ya unga ziache kwa nguo, nazo ni alkali vilevile, utakuwa umetoa saruji ukaweka ndugu yake.

MzeeWaLipu
Mbona mnamtisha kijana? Alizeti ni mafuta, ngozi inataka mafuta. Shida iko wapi?

BintiKaranga
Shikamoo mzee. Shida ni kwamba mafuta yote hayafanani yakikutana na hewa. Alizeti hukauka nusu nusu: baada ya wiki chache yanageuka utando unaonata, vumbi la Arusha linagandia humo, na mwishowe yanachacha na kunuka. Kuvu nayo inapata chakula cha bure.

Mafuta ya nazi hayanati hivyo, ila yana kituko chake. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar huwezi kuona tatizo. Hapa kwetu asubuhi ya mwezi wa saba unakuta buti zimefanya vidoa vyeupe kama zimemwagiwa uji, mtu anadhani ni kuvu anaanza kusugua.

Oili chafu ya gari ndiyo msiiguse kabisa. Inalegeza gundi ya soli na ina masizi na asidi za injini.

MzeeWaLipu
Marahaba binti. Basi tuambie kinachopakwa, maana kila kitu mmekataa.

BintiKaranga
Kiwi kwanza tuitoe kwenye mjadala: inaleta rangi, mng'aro na nta kidogo juu, lakini hailishi ngozi iliyokauka. Inakuja mwisho kabisa. Mafuta ya mgando yanasaidia kwa dharura, ila yanakaa juu na kupotea haraka.

Ukipata mafuta maalumu ya ngozi, yale ya matandiko ya farasi au ya minki (mnyama mdogo wa manyoya), tumia hayo. Ukikosa, changanya mwenyewe: nta ya nyuki safi sehemu moja, mafuta ya nyonyo sehemu tatu, kwa uzito. Gramu 25 za nta na gramu 75 za nyonyo zinatosha jozi moja kwa muda mrefu sana. Weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, maji hayahitaji kuchemka. Koroga, ipua, acha igande. Ikiwa ngumu mno ongeza nyonyo, ikiwa tepetepe ongeza nta.

Kupaka: kiasi cha punje mbili za maharage kwa kila kiatu. Basi. Tumia vidole, joto la mkono linasaidia mafuta kuingia. Sugua zaidi kwenye mikunjo, kwenye mshono wa ulimi na pembeni mwa soli. Acha usiku mzima, asubuhi futa kilichobaki juu. Ngozi ikiwa bado kavu kwa kugusa, rudia mara moja tu. Anayepaka mara tano kwa wiki anazifanya ziwe laini kama chapati, kifundo hakishikiliwi tena na vitundu vya kamba vinaanza kuvutika.

Na zile nyufa ndogo hazitafunga, nyuzi zilizokatika zimekatika. Unachofanya ni kuzizuia zisiongezeke. Pia kama ngozi yako ni ya manyoya manyoya, suedi au nubuki, haya yote hayakuhusu, utaigeuza doa moja kubwa.

SoliKwanza
Naongeza kukausha, maana mafuta yanapakwa kiatu kikiwa kimekauka ila hakijawa kikavu kabisa, bado kuna ubaridi kidogo ukigusa kwa mgongo wa mkono.

Jiko la mkaa ni muuaji namba moja wa buti masika. Ngozi iliyolowa ikipata joto hujivuta na haifunguki tena. Inayoumia kwanza ni soli ya ndani ya ngozi, ile unayoikanyaga, kwa sababu mara nyingi ngozi yake imesindikwa kwa maji ya magome ya miti na haina uvumilivu wa joto kama ngozi ya juu. Inapinda, inapasuka katikati, na mshono ulioshikamana nayo unalegea. Jua la saa saba juu ya bati nalo ni jiko tu.

Chukua gazeti, kunja viganja viganja, jaza mpaka kwenye vidole. Saa mbili za kwanza badilisha kila baada ya saa moja, utashangaa linavyotoka limelowa, kisha weka jipya lilale nalo. Lisijazwe kwa nguvu ukatanua kiatu. Laza buti ubavu, mahali penye hewa, usizisimamishe kwenye sakafu ya saruji: unyevu wa soli hauna pa kutokea. Saa 24 kwa zilizolowa juu juu, 48 kwa zilizoingia maji. Kwa baridi ya mwezi wa sita na saba weka siku tatu.

Harufu itapungua zikikauka kweli. Ikibaki, futa ndani kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha tena, na soli ya ndani ya sponji itupe ununue nyingine. Hiyo haioshwi ikapona.

NjiroSaiti
Asanteni sana. Weupe ni wa chaki, kwa hiyo saruji. Siki ninayo. Vipi soli? Fundi anasubiri jibu.

SoliKwanza
Mwambie asubiri zaidi. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, iingize polepole pale palipoachia, utuambie inapita kati ya nini na nini. Kiatu cha kushona kina ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka ukingoni, juu ya soli, mishono yake inaonekana kwa juu. Kama kadi inapita kati ya huo ukanda na soli, kazi ni ndogo. Kama inapita kati ya ukanda na ngozi ya juu, ule mshono wa ndani umekatika na hapo unahitaji fundi mwenye kalibu, lile umbo la mguu linaloshikilia kiatu kikishonwa, si wa kona.

NjiroSaiti
Inapita kati ya ukanda na soli. Uzi umekatika, nahesabu mishono sita hivi. Chini naona safu nyembamba ya kitu kama maganda ya miti.

SoliKwanza
Vizuri sana, hiyo ni koki, gome jepesi la mti linalojaziwa juu ya soli, iko mahali pake. Umebahatika, hizo ni za kushona kweli.

Huo ushonaji unaitwa Goodyear. Faida yake ni kwamba kuna mishono miwili: wa ndani unaofunga ngozi ya juu na ukanda, wa nje unaofunga ukanda na soli. Soli inabadilishwa bila kugusa ngozi ya juu. Na jina hilo si la kampuni ya matairi: ni la Charles Goodyear mtoto, Mmarekani mwenye hataza za mashine hiyo miaka ya 1870. Baba yake ndiye aliyegundua kuimarisha mpira kwa salfa na joto, na kampuni ya matairi ya mwaka 1898 iliazima jina la huyo baba.

MzeeWaLipu
Kumbe fundi wa tairi hakuwa mbali sana 😂

SoliKwanza
😂😂 Mzee umeniua. Ila tairi libaki kwenye katambuga, huko ndiko linakofanya maajabu. Tairi la gari lina nyaya ndani na halikunjiki pale mguu unapokunjika. Ukilibandika kwenye buti, mkunjo wote unahamia kwenye ngozi na kwenye mshono, na uzito unaongezeka. Misumari nayo inapita soli, inapita koki, inatoboa soli ya ndani. Maji yanapata njia, msumari unashika kutu, kutu inaoza ngozi kuuzunguka. Kesho ukitaka kushona upya hakuna pa kushika.

Mwambie fundi hivi. Afungue zaidi kidogo kila upande mpaka afike pagumu, atoe mchanga wote kwa brashi, asugue pande zote mbili kwa msasa. Apake gundi ya viatu safu nyembamba, iache dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isinate kidoleni, safu ya pili, asubiri tena, ndipo abane na kugonga kwa nyundo. Mafundi wengi wanabandika gundi ikiwa mbichi, ndiyo maana inaachia wiki ya pili. Supaglu hapana: inakauka ngumu kama kioo, ukikunja mguu inapasuka.

Baada ya saa 24 ashone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, akipita kwenye matundu yaleyale ya zamani. Hili simama hapo umwangalie. Akitoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, ukanda unakuwa kama karatasi ya stempu na utachanika wote. Aanze mishono mitatu nyuma ya palipokatika na amalize mitatu mbele, ili uzi mpya ushike na wa zamani.

ChugaUmeme
Swali la pembeni wakuu. Za kwangu ni sefti buti zenye chuma mbele, zimeandikwa S3. Nazo zinabadilishwa soli hivyo?

BintiKaranga
S3 maana yake, pamoja na kinga ya vidole inayohimili pigo la jouli 200, kuna bamba la kuzuia msumari kutoboa chini. Fundi akipigilia au akifungua hovyo bamba hilo linaharibika, na kiatu hakistahili tena hiyo alama. Na wewe kama unashika umeme, msumari kwenye soli ni kipitisho. Usijaribu. Vilevile chuma cha mbele kikishapigwa kikabonyea, kiatu kimemaliza kazi hata ngozi iwe inang'aa.

Kwa wanaonunua mtumba, Memorial au Kiboriloni: nyingi za S3 zina soli ya poliyurethani, ile nyepesi ya kumwagwa, wengi wanaiita PU. Adui yake ni unyevu wa hewa na miaka. Inaoza kwa ndani hata kiatu kikiwa stoo hakijavaliwa, na kukaa bila kuvaliwa kunaiharibu zaidi. Ngozi utaiona mpya kabisa, unavaa siku mbili, soli inamomonyoka kama keki. Kabla hujalipa, tazama lebo ndani ya ulimi au mchoro mdogo wa mviringo chini ya soli: namba ya katikati ni mwaka, mshale unaonyesha mwezi. Ikizidi miaka mitano, iwe na shaka. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli: alama ikibaki, ikinata au ikitoa punje, rudisha mezani. Kunja kiatu mara kumi kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akikasirika umepata jibu.

Ngozi unaipima kwa tone la maji. Likiingia polepole na kuacha kivuli, ni ngozi yenye pumzi. Likikaa juu kama kwenye nailoni, na mkunjo ukafanya mikunjo mipana inayofanana na karatasi, kuna utando wa plastiki juu, na mafuta yote tuliyosema hapo juu hayataingia.

NjiroSaiti
Nimekuelewa dada. La mwisho: nikisharekebisha, nipake mara ngapi? Na navaa kila siku.

BintiKaranga
Kila siku ndilo tatizo. Mguu unatoa jasho siku nzima na usiku mmoja hautoshi kulikausha. Tafuta jozi ya pili hata ya bei ndogo, uzipokezane. Saruji ifutwe jioni ileile kabla haijashika, kitambaa cha maji tu kinatosha. Mafuta kila wiki sita hadi nane kiangazi, masika kila wiki tatu nne. Kamba zioshe zenyewe, mchanga uliomo ndani yake ndio unaokata vitundu.

SoliKwanza
Na kisigino kikibaki milimita tatu, peleka. Usisubiri kifike kwenye msingi wake, hapo fundi atakuwa anajenga badala ya kubadilisha.