Senti kubwa ya shaba, 179 na tarakimu ya mwisho imefutika, naisomaje?

mbeba_box_PA: Wakuu habari za huko. Nipo Pennsylvania, jumamosi nimenunua kopo la vikorokoro kwenye garaji seli, ndani nimekuta senti ya Marekani ya shaba, kubwa kuliko robo dola, nyeusi tii, upande mmoja mwanamke nywele zimefungwa utepe nyuma na kitambaa kifuani, mwaka ni 179 halafu ya mwisho siioni. Nataka niisugue na ndimu ing'ae ndo nijue, au?

shaba_tupu: Weka ndimu chini mkuu! Shaba ya zamani ikishang'arishwa imeharibika, wanunuzi wanaijua rangi ile ya waridi hata kwenye picha. Uchafu ukikusumbua loweka kwenye asetoni halisi, sio ile ya kutolea rangi ya kucha, usisugue. Hiyo ni Draped Bust, yaani aina ya mwanamke mwenye kitambaa kifuani, ilitengenezwa 1796 mpaka 1807 Philadelphia, kwahiyo yako ni kati ya 1796 na 1799. Pima uzito, inatakiwa iwe gramu 10.89 ikiwa mpya, iliyolika inapungua kidogo.

Mzee wa Darubini: Omba isiwe 1799 ya magumashi maana mwaka huo ni adimu balaa na matapeli wanachonga 8 ya 1798 iwe 9. Zima taa ya juu, mulika torchi kwa ubavu huku unaizungusha taratibu, kivuli cha tarakimu kitajitokeza. Daraja sasa: skeli ya Sheldon, ya kupima sarafu imechakaa kiasi gani, inaanzia 1 (imelika kabisa) hadi 70 (mpya kamili). Umbo la mwanamke likionekana ila nywele zote flati, hiyo ni G4 (Good), nywele zikibaki kidogo VG8 (Very Good), nusu hivi F12 (Fine). Vishimo vya kutu navyo vinashusha, wakusanyaji wa shaba hawana huruma kabisa hapo.

mbeba_box_PA: Gramu 10.4. Nimemulika, ni 8 wakuu, duara mbili zinaonekana kabisa. Nywele flati, vishimo vipo kwenye shavu.

Mzee wa Darubini: 1798, G4 kwa sura, ila kwa vile vishimo wataihesabu chini ya hapo. Usiiweke kwenye plastiki laini ya PVC, inatoa ukijani.

mbeba_box_PA: Sawa mzee. Shemeji yenu alishaanza kupanga bajeti ya 1799 🤣