Kwa nini mmenyuko wa Wurtz hautoi propani safi?

Swali
Salaam walimu na wanafunzi wenzangu. Ninajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba katika mmenyuko wa Wurtz, alkili halaidi (mnyororo wa kaboni na haidrojeni wenye atomi ya halojeni kama bromini) ikikutana na metali ya sodiamu ndani ya etha kavu, yaani kiyeyushi kisicho na maji, molekuli mbili huungana na kutoa alkani (kampaundi ya kaboni na haidrojeni yenye bondi moja moja tu) yenye kaboni maradufu, kama bromoethani inavyotoa butani. Kwa nini basi nikiandika kwamba bromomethani na bromoethani hutoa propani, ninakosa alama, ilhali mlinganyo wangu umesawazishwa?

Jibu la kwanza
Mdogo wangu, mlinganyo kusawazika hakuthibitishi kwamba ndicho kinachotokea ndani ya chupa. Sodiamu huipa halaidi elektroni moja, bromini ikatoka kama ioni, na radikali ya alkili inayobaki (kipande chenye elektroni moja isiyo na mwenzi) hupokea elektroni ya pili ikawa alkili sodiamu, ambayo ndiyo huishambulia halaidi nyingine na kuunganisha kaboni kwa kaboni. Methili (kipande cha kaboni moja) iliyoshikana na sodiamu haichagui mwenzi: itakutana na bromomethani au bromoethani, na ethili (ya kaboni mbili) hali kadhalika, hivyo utapata ethani, propani na butani kwa pamoja. Hata kama kasi zote zingekuwa sawa, propani ingefikia nusu tu ya molekuli zinazoundwa. Charles Adolphe Wurtz, Mfaransa aliyetangaza mmenyuko huu mwaka 1855, naye aliunganisha alkili zisizofanana, lakini kuwezekana ni jambo moja na kufaa ni jingine.

Jibu la pili
Naongezea upande wa maabara, maana vitabu huupita haraka mno. Sodiamu hutolewa kwenye mafuta yake, ikafutwa na kukatwa kwa kisu. Uso uliokatwa hung'aa kama fedha, kisha hufifia ukiutazama. Etha isipokuwa kavu kabisa, sodiamu humenyuka na maji na kutoa haidrojeni, na etha yenyewe huchemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, kwa hiyo moto hauko mbali. Mabaki ya sodiamu huuawa polepole kwa alkoholi, kamwe si kwa maji.
Halaidi ya daraja la tatu, ambayo kaboni yake yenye halojeni imeshikana na kaboni nyingine tatu, nayo usiitegemee: 2-bromo-2-methilipropani hupoteza haidrojeni na bromini, ikakupa zaidi alkeni, yaani kampaundi yenye bondi mbili kati ya kaboni.

Muulizaji
Nashukuru sana, walimu wangu. Je, mwenye kuhitaji alkani yenye kaboni kwa idadi witiri, kama propani yenye tatu, afanyeje?

Jibu la kwanza
Atumie njia ya Corey na House. Halaidi moja hugeuzwa kwanza kuwa alkili lithiamu, hiyo ikamenyushwa na iodidi ya shaba(I) kupata dialkili kuprati ya lithiamu (kampaundi ya shaba iliyobeba alkili mbili), ndipo halaidi ya pili, ikiwezekana ya daraja la kwanza, inaongezwa. Kwa kuwa kila alkili huingia kwa zamu yake, mchanganyiko unaokusumbua hupungua sana. Swali la Wurtz likikujia na halaidi mbili tofauti, andika alkani zote tatu.