Kujiandaa na mtihani wa cheti cha afisa wa udhibiti wa wanyama huku nikifanya kazi kutwa

Swali
Ndugu zangu, nafanya kazi siku tano kwa juma katika kituo cha kuhifadhia wanyama, na baada ya wiki 10 nitafanya mtihani wa cheti cha afisa wa udhibiti wa wanyama. Kumshika mbwa mkali kwa fimbo ya kitanzi ni jambo la kila siku kwangu. Kinachonikwaza ni sheria na magonjwa, kwa sababu jioni nikifungua kitabu usingizi hunichukua kabla sijamaliza ukurasa wa pili. Mliofaulu mlisomaje?

Jibu la kwanza
Ndugu, usishindane na usingizi. Mimi nilihamishia masomo alfajiri, dakika 40 kabla ya kazi, nikaona tofauti. Zaidi ya hapo, usikariri kanuni bila kujua sababu yake. Chukua mfano wa kichaa cha mbwa: mbwa mwenye afya aliyemuuma mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, na namba hiyo ni rahisi kuichanganya na nyingine. Ukielewa kwamba virusi huonekana katika mate siku chache tu kabla ya dalili, na kwamba mbwa aliyefikia hatua hiyo huugua na kufa upesi, utatambua kwamba mbwa ambaye bado ni mzima siku ya 10 hakuwa na virusi katika mate siku alipouma. Vivyo hivyo, kipimo hufanywa kwenye ubongo, ndiyo maana mnyama anayeshukiwa hapigwi risasi ya kichwa.

Jibu la pili
Mimi nilianguka mara ya kwanza, tena nikiwa na uzoefu wa miaka (aibu yake naikumbuka hadi leo), kwa kuwa nilijibu kama mtu mwenye huruma badala ya afisa. Palikuwa na swali la mbwa aliyekonda nyuma ya uzio, nami nikachagua kuingia na kumchukua, ilhali maisha yake hayakuwa hatarini wakati huo, na kuingia bila ridhaa ya mwenye nyumba wala hati ya upekuzi kunaweza kuiangusha kesi nzima. Masharti hutofautiana, kwa hiyo soma sheria za mamlaka inayokutahini. Kazi yako yenyewe iwe darasa: kila mnyama anayepokelewa, mwandikie ripoti ya mazoezi. Usiandike kwamba mbwa alikuwa na njaa. Andika kwamba mbavu zilionekana, bakuli la maji lilikuwa kavu, ilikuwa saa ngapi, na nani alimkabidhi nani kielelezo cha ushahidi.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Je, ripoti hizo nani azisahihishe?

Jibu la pili
Mpe mwenzako ambaye hakuwapo. Akilazimika kukuuliza jambo lolote ili aelewe kilichotokea, hapo ndipo ulipopunguza.