Tumechoka kuchangishwa hela ya moshi wa mbu wakati viluwiluwi mmeviacha uani!

Wakuu nina hasira leo. Kila mbu wakizidi mwenye nyumba anatuchangisha wapangaji wote, wanakuja vijana na mashine wanapuliza moshi uwanja mzima, usiku huo mnalala vizuri, wiki inayofuata mbu haohao wamejaa tena. Ukiuliza unaambiwa dawa ilikuwa kidogo, changeni tena. Tuchange tena ya nini??

Jamani ule moshi unaua mbu anayeruka muda uleule tu, basi. Viluwiluwi vilivyo ndani ya maji hauvigusi, na kukiwa na joto yai linakuwa mbu kamili kwa siku 7 mpaka 10 hivi, sasa wewe umepuliza mbele huku nyuma ya nyumba kuna matairi yana maji ya mvua, ndoo mbovu, gata limeziba majani, visahani chini ya maua, kote humo viluwiluwi vinacheza, unategemea nini?

Halafu jirani. Nimemwambia kwa heshima zote hayo matairi yatoboe au yaingize chini ya paa, ananijibu mbu wanatoka kwenye nyasi. Nyasini wanapumzika tu mchana, kuzaliana lazima maji! Na huyu mwenye madoa meupe miguuni, Aedes aegypti, ndo anayebeba dengi na chikungunya, hasafiri mbali, kawaida haendi zaidi ya mita mia chache kutoka alikozaliwa. Kwa hiyo anayemng'ata mwanangu mchana kweupe akiwa anacheza katoka hapahapa kwetu, na mchana mtoto hakai ndani ya neti. Neti tunalala nayo kila siku, ile ni ya mbu wa malaria anayeuma usiku.

Kingine kinachoniuma, hakuna anayewaambia watu kwamba kumwaga maji peke yake hakutoshi. Huyo Aedes anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, mvua ikija yanaanguliwa. Pipa, ndoo, chombo cha maji cha kuku, visugue kwa brashi kila wiki, ukishasugua funika.

Na nyie mnaouza vile vidude vya kuchomeka ukutani eti mlio wake unafukuza mbu, acheni wizi, vimepimwa mara nyingi na havifukuzi kitu. Wengine wanamwaga oili chafu kwenye madimbwi, mnaharibu udongo na maji ya visima wakati dawa ya viluwiluwi ipo, inaitwa Bti, ni bakteria, inaua viluwiluwi na ukiitumia ilivyoelekezwa haidhuru watu, samaki wala mifugo.

Kubwa kuliko yote ni chemba. Mfuniko umepasuka, bomba la kupumulia halina wavu, jioni ukisimama karibu unawaona mbu wanatoka pale, hawa wa Culex wanapenda sana maji machafu, na mwenye nyumba anapita hapo kila akija kuchukua kodi. Mfuniko na kipande cha wavu vinamshinda ila moshi wa kila mara anaweza kwa sababu hela inatoka mifukoni mwetu!

Mimi mchango wa moshi sitoi tena. Kama kuna mpangaji humu aliwahi kumbana mwenye nyumba mpaka akarekebisha chemba aseme alipitia wapi, na je hela ya mfuniko tukitoa sisi tunaweza kuikata kwenye kodi?