Mashindano ya dunia ya mashua za matanga: mwenyeji apatikane kwa zamu, kwa fedha au kwa bahari yake?

Mleta hoja

Tangu World Sailing, chama cha dunia cha mchezo huu (wakati huo kikiitwa ISAF), kianze kukusanya aina zote za mashua za Olimpiki katika mashindano mamoja ya dunia, wenyeji wamekuwa Cádiz 2003, Cascais 2007, Perth 2011, Santander 2014, Aarhus 2018 na The Hague 2023. Mara sita: tano Ulaya, moja Australia. Na hapo hapashindaniwi vikombe tu, maana ndipo sehemu kubwa ya nafasi za nchi kwenda Olimpiki hugawiwa. Anayefika na mashua yake mwenyewe juu ya trela hashindani sawa na aliyevuka bara zima kuja kukodi mashua asiyoijua. Napendekeza iandikwe kwenye kanuni: kila mashindano ya tatu yafanyike nje ya Ulaya, kwa lazima. Mnaopinga, semeni.

Mpangaji wa mbio

Ndugu yangu, orodha yako ni sahihi, ila hilo neno "lazima" litatuumiza. Siku za mashindano ni chache, na kundi moja hupangiwa kama mbio mbili kwa siku. Zikipotea siku mbili au tatu bila upepo, bingwa wa dunia anapatikana kwa mbio tano au sita, yaani kwa bahati. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mji uko bara gani, naomba tuulize bahari yake.

Upepo kwanza, na si wastani wa mwezi. Wastani hudanganya: mji wenye upepo wa noti 20 (maili za bahari kwa saa) usiku na noti 3 mchana unapendeza kwenye karatasi, lakini mbio hazifanyiki. Zitakiwe kumbukumbu za kila saa kwa miaka 10, za wiki ileile ya mashindano, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hesabu ni saa ngapi upepo ulikuwa kati ya noti 8 na 25. Kwangu, zisipofika theluthi mbili, mji ubadilishe tarehe au ujitoe.

Halafu nafasi. ILCA (zamani Laser), mashua ndogo ya mtu mmoja, ina urefu wa mita 4.23. Mashua 60 kwenye mstari mmoja wa kuanzia, ukizidisha kwa moja na nusu ili zisibanane, zinataka mstari wa karibu mita 380. Ongeza mguu wa kubisha, yaani wa kupanda dhidi ya upepo baada ya kuanza, wa maili moja ya bahari na ukingo wa usalama: kundi moja linakula duara la upana wa karibu maili mbili. Mashindano ya aina 10 yanataka maduara manne au matano yasiyogusana na yasiyokatwa na njia ya meli. Bandari nyingi zenye ahadi nzuri hukwama hapa.

Kina na mkondo ndivyo vinavyosahauliwa kabisa. Boya likitiwa nanga kwenye maji ya mita 60 linataka kamba ndefu kuliko kina chenyewe, na upepo ukigeuka nyuzi 20 mnalihamisha huku wanamaji wakisubiri. Maboya ya mota yanayojishikilia kwa GPS yamepunguza kero hiyo. Mkondo hauna dawa. Ukienda kinyume na upepo, hubeba mashua kuzivusha mstari kabla ya ishara. Kundi zima linarudishwa, mara ya pili, ya tatu, mpaka inapandishwa bendera nyeusi, na anayekutwa mbele ya mstari katika dakika ya mwisho anafutwa bila kusikilizwa.

Kocha wa vijana

Kaka mpangaji, masharti yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kudhani kwamba nje ya Ulaya hayatimizwi. Mwaka 2021 Mussanah, Oman, iliandaa mashindano ya dunia ya 49er, 49erFX na Nacra 17, aina tatu za mashua za Olimpiki, mwezi Novemba, na ya vijana mwezi Desemba. Eneo lenyewe lilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Ufukweni ya Asia ya 2010: malazi, gati na mahali pa kushushia mashua, vyote pamoja. Mwenyeji alipatikana kwa sababu mtu alijenga miaka 11 kabla, na hajengi mtu asiyejua kama zamu yake itafika. Kwa hiyo zamu ina kazi, hata kama haitoshi peke yake.

Jambo linalokosekana katika maombi ya wenyeji ni bei ya mwanamaji wa mbali. Kila mji uandike kwa mkono wake: kodi ya mashua kwa siku 14, malazi, ada ya kushiriki, na kodi ya boti ya kocha pamoja na mafuta. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua timu ndogo, kwa kuwa mwanamaji mmoja anabeba gharama ya boti nzima ya injini. Mji utakaoahidi boti moja ya kocha kwa kila nchi tatu ndogo upewe alama. Na bei zikishaandikwa zisiguswe mpaka mashindano yaishe.

Mashua za kukodi nazo zigawiwe kwa kura, mbele ya watu. Mwili wa ILCA unapaswa kuwa na kilo 59. Uliokunywa maji unazidi, na aliyeupata anajua kabla ya mbio ya kwanza kuisha. Zipimwe zote kwenye mizani, mlingoti ukaguliwe kama umepinda, ndipo kura ipigwe.

Wakala wa mizigo

Naongeza la bandarini, maana mipango mizuri huvunjikia hapo. Mashua za wageni huingia nchini kwa kibali cha uingizaji wa muda, na mahali pengi huwekwa dhamana kwamba zitatoka tena. Forodha hulinganisha karatasi na kilichomo ndani ya kontena. Ukiandika "vifaa vya michezo" bila namba ya kila mwili wa mashua, kila mlingoti na kila injini, kontena linafunguliwa, linahesabiwa, linakaa, na gharama ya kukaa inapanda kila siku. Mwenyeji aonyeshe barua ya forodha, ataje wakala mmoja, na ahakikishe makontena yamefika wiki tatu kabla.

Mwamuzi wa majini

Barua ya uhamiaji ni muhimu zaidi. Langkawi, Malaysia, Desemba 2015, wanamaji wa Israel hawakushiriki mashindano ya dunia ya vijana baada ya mvutano wa viza na masharti ya bendera. Mashindano ya vijana ya 2016, ambayo yangefanyika Oman, yakahamishiwa Auckland. Kila nchi mwanachama ipate kibali, na iandikwe kabla mkataba haujatiwa saini.

Ila sharti hilo lipime pande zote. Kijana wa Afrika anayekosa miadi ya viza ya Ulaya mpaka mashindano yanapita naye amezuiwa, ingawa hakuna aliyetamka kumzuia. Mji wa Ulaya usioweza kuahidi viza ndani ya muda uliotajwa upoteze alama zilezile.

Mleta hoja

Nimewasikia. Neno "lazima" naliondoa kwa sharti moja: bahari, forodha na viza viwe mlango wa kuingilia, na watakaopita mlangoni washindanishwe kwa bei ya mwanamaji wa mbali na kwa muda ambao bara lao limekaa bila mashindano. Ada anayolipa mwenyeji kwa chama isihesabiwe kabisa. Kombe la America lina utaratibu wake: Emirates Team New Zealand walishinda Auckland 2021, wakaenda kulitetea Barcelona 2024, kwani mtetezi ndiye huchagua mahali. Chama cha nchi wanachama hakiwezi kuuza hivyo. Halafu kura ya mwenyeji isipigwe kando ya mashindano yenyewe. Waliokosa nauli ya kuja kushindana ndio wanaokosa na kura.

Mchangiaji mwingine

Na pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ingepita mlangoni?

Mpangaji wa mbio

Kwa upepo, ndiyo: kaskazi ya Januari na Februari, au kusi ya Julai na Agosti. Masika sahau. Ila kusi huenda pamoja na mkondo mkuu wa pwani unaopanda kaskazini, kwa hiyo nje ya mwamba mtarudishwa nyuma ya mstari. Kaskazi hukutana nao uso kwa uso: mtavuka mstari mapema kama nilivyosema, na mawimbi yanakuwa mafupi yaliyosimama.

Mtihani wenyewe ni maji. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanakupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati uleule wa kushusha mashua. Mtakuwa mnabeba mashua 60 juu ya matope na mawe. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na asubuhi maji yako juu. Lakini maji mafu hayakai zaidi ya siku chache, na mashindano ni wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo atakayeomba kutoka huku aanze na kalenda ya mwezi, halafu aonyeshe gati la kuelea lenye kina hata maji yakipwa.