"Mizabibu mikongwe" kwenye lebo: kuna kitu ndani ya chupa au ni maneno ya muuzaji?

Mdadisi wa Glasi aliandika:

Wakuu, salaam.

Mimi ni mnywaji tu wa mvinyo mwekundu, si mtaalamu. Siku hizi kila nikishika chupa ya kiwanda kidogo, vile vya familia vinavyotoa chupa chache kwa mwaka, nakuta imeandikwa "mizabibu mikongwe", na pembeni kuna picha ya shina lililopindapinda. Na bei nayo inapanda kidogo.

Nina maswali mawili. Mzabibu unahesabika mkongwe ukifika miaka mingapi, na nani anahakiki? Pili, umri wa mti unafanya nini hasa kwenye ladha? Miti mingi ya matunda ikizeeka inang'olewa, hatuisifii. Mbona huu unapandishwa cheo?

Wenye uzoefu naomba mnifungue macho.

Kizibo aliandika:

Biashara hiyo, mkuu. Ufaransa kwenyewe, ambako maneno hayo yameandikwa kwenye chupa miaka nenda miaka rudi, hakuna sheria inayosema mzabibu uwe na umri gani ndipo uyaandike. Mmoja anayaandika kwa mti wa miaka 80, jirani yake kwa mti wa miaka 25, na wote wako salama mbele ya sheria. Umri hauonjwi. Funika lebo uone kama kuna atakayekutajia.

Mkasi wa Kupogolea aliandika:

Kizibo yuko sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonilisha. Kazi yangu ni kupogoa katika kiwanda kidogo cha mvinyo mwekundu. Mavuno yakifika nahamia ndani kwenye matangi na mapipa. Kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Umri kwanza. Mstari unaokubalika zaidi ni miaka 35. OIV, lile shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, liliupitisha mwaka 2024: mzabibu mkongwe ni ule wenye kumbukumbu rasmi ya miaka 35 au zaidi, na shamba haliitwi kongwe mpaka asilimia 85 ya mizabibu yake iwe imefika hapo. Kama mti umebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, pale kwenye kiungo pasiwe pamebadilishwa kwa miaka yote hiyo. Ukibebesha aina mpya juu ya shina la zamani, unaanza kuhesabu upya. Barossa, Australia, walitangulia mwaka 2009 na madaraja yao manne: 35, 70, 100 na 125. Afrika Kusini wana muhuri wa kubandika kwenye chupa, wenye mwaka shamba lilipopandwa. Huo ndio uhakiki ninaoupenda, maana mwaka unaweza kuuulizia. Neno "mkongwe" peke yake utaliulizia wapi?

Sasa mti wenyewe. Ule wa kwenye lebo umechorwa vizuri mno. Mzabibu mkongwe hasa, karibu nusu ya shina lake ni mti mfu, mkavu, wakati mwingine una tundu ambalo ngumi inaingia. Uhai unapita kwenye utepe mmoja tu ubavuni, kutoka mzizini mpaka kwenye mkono unaozaa. Kabla sijafungua mkasi nautafuta kwanza utepe huo. Natazama juu, matawi ya msimu uliopita yametoka upande gani na yamenenepa vipi, halafu nashuka na kidole gumba juu ya gome mpaka chini. Nikishaujua, upande huo siutii donda kubwa. Tawi nene nikilazimika kulikata, naacha kisiki kifupi, kwa sababu mti hukauka kuelekea ndani kuanzia pale ulipokatwa. Ukikata ukasawazisha na shina ili pawe nadhifu, ukavu unaingia moja kwa moja kwenye njia ya maji, na fangasi wa shina wanaingia na mvua inayofuata. Mzabibu wa miaka 8 utalivumilia hilo. Huu wa zamani utatoa majani mwaka huo, wa pili utasitasita, na wa tatu unakuja na shoka.

Faida ya uzee iko wapi? Mizizi ilishashuka na kutawanyika, na shina nene limeweka akiba ya wanga. Mashamba mengi ya namna hii hayana waya wala umwagiliaji. Mizabibu imesimama yenyewe kama vichaka. Likija joto kali wiki mbili kabla ya kuvuna, mizabibu michanga inaacha kuivisha: majani yanajikunja, zabibu zinaanza kunywea huku mbegu bado zina ukijani. Mikongwe inaendelea polepole kama kawaida. Pipani ndipo nauona utulivu huo. Mvinyo wa mwaka mbaya na wa mwaka mzuri kutoka shamba hilo vinajulikana ni ndugu.

Halafu kuna suala la maganda. Zabibu nyekundu nyingi juisi yake haina rangi. Rangi na tanini, ule ukakasi unaokausha mdomo, viko kwenye ganda. Vishada vidogo vyenye punje ndogo vina ganda jingi kwa maji kidogo, kwa hiyo nikiwa kwenye tangi sina haja ya kulazimisha. Tunachachusha kwenye matangi ya wazi, na maganda yakipanda juu tunayazamisha kwa mkono, asubuhi na jioni, taratibu. Zabibu za mizabibu michanga mara nyingi zinanidai nguvu zaidi ili zitoe rangi, na nguvu ikizidi inatoa uchungu.

Lakini msidanganywe na ile hoja ya "huzaa kidogo, kwa hiyo ni tamu". Mti unaweza kuzaa kidogo kwa sababu unaumwa. Virusi vya kukunja majani vimejaa kwenye mashamba ya zamani, na mzabibu wenye virusi hivyo unachelewa kuivisha, sukari haipandi vizuri. Uzee wa namna hiyo utaandikwa kwenye lebo kwa herufi zilezile.

Binti wa Matuta aliandika:

Kaka Mkasi, shukrani. Swali la mtu wa shamba: mti ukifa katikati ya shamba la miaka 90, pengo mnalijazaje? Na hilo shamba linaendelea kuitwa la miaka 90?

Mkasi wa Kupogolea aliandika:

Dada, hapo umegusa jambo tunalobishania kila mwaka.

Ambapo mizabibu imesimama kwenye mizizi yake yenyewe, kuna njia ya wazee: unachukua tawi refu la mti wa jirani, unalikunja na kulifukia kwenye pengo, ncha ikitokeza nje. Linatoa mizizi huku likiendelea kunyonya kwa mama yake, halafu baada ya misimu miwili mitatu unakata kiungo. Ni mti uleule kwa uzao, shina ndilo jipya. Mimi hauniingii kwenye hesabu ya miaka 90. Bosi anasema unaingia. Ile asilimia 85 ya OIV inatupa nafasi ya kuishi kwa amani.

Ila njia hiyo huwezi kuitumia kila mahali, kwa sababu ya filoksera. Mdudu huyu mdogo mla mizizi alifika Ufaransa katika miaka ya 1860 akitokea Amerika Kaskazini, akasambaa na kuangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya. Dawa iliyopatikana ni kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake inamstahimili. Ukifukia tawi la juu mahali alipo, umempelekea chakula. Ndiyo maana mizabibu yenye mizizi yake ya asili imebaki zaidi kwenye udongo wa kichanga, ambao mdudu huyu hauwezi, au mahali ambapo hajafika, kama Chile na Australia Kusini. Barossa kuna mizabibu ya shiraz, aina ya zabibu nyekundu, iliyopandwa mwaka 1843 na bado inazaa.

Na ajabu ni kwamba kilichoimaliza mingine huko huko hakikuwa mdudu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ya jimbo iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu kwa sababu zabibu zilizidi sokoni. Shiraz na grenashi za zamani zikaenda na maji. Zilizobaki ni za wale waliokataa. Nalisema hili kwa sababu linajibu swali la Mdadisi: mashamba mabovu yalishang'olewa zamani, kwa hiyo tunapoonja mizabibu mikongwe tunaonja iliyopita mchujo. Udongo ulifaa, aina ilifaa, na kuna mtu aliyeuthamini mvinyo wake hata soko lilipomgeuka. Ukiniuliza sehemu ya ubora inayotoka kwenye umri wenyewe na ile ya mchujo huo, nitakwambia mchujo ni mkubwa zaidi.

Kizibo aliandika:

Sasa tunaelewana. Ila nina kichokoo. Maribor, Slovenia, kuna mzabibu mmoja wa zabibu nyekundu wenye zaidi ya miaka 400, bado unazaa, na mvinyo wake unatiwa kwenye vichupa vidogo vya kutolewa zawadi. Kwa hesabu zenu si ndio ungekuwa mvinyo bora duniani?

Mkasi wa Kupogolea aliandika:

Haha! Ule ni mzee wa mji, mkuu, anaheshimiwa. Mti mmoja haukupi mvinyo wa kulinganisha na kitu. Kiwanda kinahitaji shamba, na hapo ndipo mnapoona kwa nini wakubwa wanatuachia sisi wadogo. Chukua hekta moja ya mizabibu mikongwe isiyomwagiliwa, inayotoa tani 2. Hiyo ni lita 1,400 hivi, mapipa 6 ya lita 225. Toa kinachovukia pipani na mashapo yanayobaki chini, unapata chupa 1,700 au 1,800 hivi. Mashine ya kuvunia haipiti, kila kishada ni mkono. Pia zamani walichanganya aina shambani, kwa hiyo tunavuna kwa awamu: zilizoiva leo zinakatwa, za jirani yake zinasubiri. Meneja wa kiwanda kikubwa akiona mahesabu hayo anaita trekta.

Mdadisi wa Glasi aliandika:

Nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. La mwisho, wakuu: nikiwa mbele ya muuzaji nimuulize nini, nisionekane najifanya mjuaji?

Mkasi wa Kupogolea aliandika:

Muulize shamba lilipandwa mwaka gani. Akisema "zamani sana", mshukuru uendelee na safari. Akitaja mwaka, muulize kama zabibu zote za chupa hiyo zimetoka kwenye shamba hilo au zimechanganywa na za mizabibu michanga. Muulize pia kama ni mvua tu au kuna mipira ya maji. Mwenye kiwanda kidogo maswali haya anayapenda, utapata shida ya kumnyamazisha.

Halafu kama kiwanda hichohicho kina mvinyo wa aina ileile ya zabibu, mwaka uleule, kutoka kwenye mizabibu michanga, nunua chupa zote mbili ufungue siku moja. Usitafute upi una harufu kali zaidi. Mchanga mara nyingi ndio unaowahi kunukia matunda. Meza, kisha subiri uone ladha inakaa mdomoni muda gani, na tanini zinakwaruza au zinapita. Rudia kesho yake chupa zikiwa zimekaa wazi usiku kucha.

Ukikosa tofauti, chukua ule wa bei nafuu kwa roho safi. Hiyo michanga nayo napogoa mimi.